Mgongo wa Namba 212

Umeingia na mvua ya saa nane, bwana,
picha umeizungushia shuka la hoteli,
ukasema: nibadilishie fremu,
na hiyo karatasi mbovu ya nyuma uitupe.

Mbele sikukaa sana.
Niliona dagaa wametandazwa juu ya jabali,
mwanamke ameinama, kivuli kimemkalia miguuni,
jua la utosi,
na pembeni saini nyekundu: Lindkvist.
Nyekundu ile haimo mahali pengine popote pichani.
Nikaigeuza kifudifudi.

Uso wa picha hupakwa mafuta, hupanguswa, husifiwa.
Mgongo haujui kujipamba.
Nikaondoa vumbi kwa unyoya wa kuku,
nikavaa miwani ya marehemu mama.

Juu kabisa lebo ya bima, inang'aa kama pipi.
Chini yake lebo ya maonyesho, Kisumu,
imebandikwa kichwa chini miguu juu.
Kwenye mstari wa "Mchoraji" mende wamekula jina,
wakabakiza herufi tatu za mwisho: nje.
Mtu wa haraka angesoma: wa nje. Mgeni.
Angefunga kesi akanywe chai.
(Gundi ilikuwa ya unga wa muhogo. Mende hawana kosa.)

Kwenye mbao, muhuri wa bandari,
siku na mwezi upo, mwaka umelowa.
Na pembe ya kushoto, rangi ya chai iliyolala,
kijilebo kama tiketi ya kivuko cha Kamanga:
JAMNADAS NA WANAWE, FREMU NA VIOO,
RWAGASORE, MWANZA. NA. 212.

Toka kidogo utazame juu ya mlango.
Rangi ya kijani imebanduka, lakini
NADAS NA WAN
bado yasomeka. Ni hapa hapa.

Mama alifagia duka hili miaka tisa.
Mwenyewe alipofunga, badala ya mishahara mitatu
alimwachia kisu cha kukatia vioo, meza hii,
na madaftari manne.
Majirani waliyataka wafungie karanga.
Mama alikataa. Alisema: aliyeandikwa, ameandikwa.

Mia mbili na kumi na mbili. Nakusomea kama ilivyo:
"Kashinje binti Lubasha, Kirumba.
Picha ya dagaa, moja. Fremu ya mninga.
Shilingi kumi na nane. Amelipa kumi na moja.
Zilizobaki ataleta."

Sisemi ndiye aliyechora.
Lebo si mkono.
Lebo yasema nani alisimama kwenye kaunta hii
na deni gani aliliacha.
Huenda alitumwa. Huenda Lindkvist wako
alimtuma huyo huyo aliyeinama,
akaenda na picha yake mwenyewe kwapani.
Ila ile saini nyekundu, itazame kwa lenzi:
wino umezama ndani ya nyufa.
Rangi ilikwisha kuzeeka
ndipo jina likawasili.

Naona umetazama mlango. Mvua bado.

Karatasi mbovu sitaitupa.
Nitakata dirisha kwenye ubao mpya wa nyuma,
nitafunika kwa plastiki angavu,
kila lebo ibaki pale ilipobandikwa,
hata ile ya kichwa chini, siinyooshi.
Kisha nitaongeza yangu, kwa penseli, maana wino hukimbia unyevu wa ziwa:
"Milembe Ngolo, fundi. Imeletwa ikiwa na lebo tatu na muhuri mmoja.
Mleta aliomba zitupwe."
Na tarehe. Mwaka nitaukandamiza.

Ni elfu thelathini na tano.
Zile shilingi saba za Kashinje sikudai wewe;
hizo ni baina yake na daftari.

Shuka hili nalo lina muhuri wa wenyewe, lirudishe.
Na gundi haijakauka, bwana:
ukifika chumbani ilaze kifudifudi,
mgongo juu,
mpaka asubuhi.